Kabla hujaandika "ugly", jiulize nani anaongea

Wiki hii hapa Juba kikundi chetu kimebishana mpaka chai ikapoa, na ugomvi wenyewe ulianza na neno moja la Kiingereza.

Mwenzetu mmoja alikuwa anaandika barua ya kuomba ufadhili wa masomo. Dada huyu ana kovu la moto upande mmoja wa uso, tangu utotoni, kabla familia yao haijakimbia. Barua ilitaka aeleze magumu aliyopitia. Akaandika: "I am ugly because of fire." Akatuletea tumsahihishie sarufi tu. Sarufi ilikuwa sawa. Lakini tulikaa kimya, halafu mmoja wetu akasema: hapana bwana, hii haiendi hivi.

Kwani shida iko wapi? Shida ni kwamba alikuwa na "sura mbaya" kichwani, akaibeba jinsi ilivyo. Na kwa Kiswahili hilo neno "mbaya" tunalitumikisha sana: barabara mbaya, habari mbaya, mtu mbaya, sura mbaya. Kwa Kiarabu cha Juba "batal" nayo ina kazi nyingi vile vile. Mtoto ukimwambia kila siku ana sura mbaya, mwisho anasikia kwamba yeye mwenyewe ndiye mbaya.

Kiingereza ndiyo lugha rasmi ya nchi hii. Fomu, barua na mahojiano yetu mengi ni kwa Kiingereza. Kwa hiyo tusijue neno moja tu, tujue na ndugu zake.

"Plain" ni sura ya kawaida, haivutii wala haikeri. "Unattractive" ni kusema mtu havutii, na hapo jiulize, havutii macho ya nani? "Homely" angalia sana: Mwingereza akisema nyumba yako ni "homely" amekusifu, amejisikia yuko kwao, Mmarekani akisema hivyo juu ya uso wa msichana, amemtukana kwa adabu. "Hideous" ni kali, ni sura ya kutisha kabisa. "Grotesque" ni umbo lililopindika mpaka linatisha na kuchekesha kwa pamoja. "Repulsive" inaeleza zaidi tumbo la anayetazama, kwamba anataka kurudi nyuma. "Unsightly" kwa kawaida ni ya vitu, kama rundo la takataka kando ya barabara. Na "disfigured" inasema kuna kitu kilimpata mtu huyu: moto, ajali, vita. Uso wake ulikuwa mwingine kabla.

Na "ugly" yenyewe? Mzizi wake ni lugha ya kale ya watu wa Skandinavia, na maana yake ilikuwa kitu cha kuogopwa. Ndiyo maana mpaka leo maandamano yakigeuka vurugu, Waingereza husema mambo yamekuwa "ugly". Sisi tuliokuwa Juba Julai 2016 maana hiyo hatuhitaji kamusi. Sasa huyu dada ana nini cha kuogopwa?

Baadhi yetu walisema tunakuza mambo, maneno ni maneno tu. Sisi wengine tunasema hapana, maneno yanaweza kuwa sheria. Mwaka 1881 jiji la Chicago, Marekani, lilipitisha sheria ya kuwazuia watu wagonjwa, waliokatika viungo au wenye ulemavu wa umbo wasijionyeshe barabarani. Neno "unsightly", lile la takataka, limo ndani ya sheria hiyo, limewekwa juu ya watu. Ilikuja kufutwa 1974. Yaani kwa zaidi ya miaka 90, kutoka nje ya nyumba yako na uso wako kungeweza kukuletea polisi.

Kisha mwenzetu Mnuer akaleta hoja nyingine. Yeye ana gaar, ile mistari sita ya kwenye paji la uso. Kuna fomu aliyowahi kujaziwa na mtu mwingine, ikaandikwa "scars". Alikasirika. Kwake kovu ni la jeraha, na yeye hakujeruhiwa. Aliingizwa kwenye utu uzima mbele ya wazee. Siku hizi anaandika "marks". Uso ni ule ule, ila neno moja linamfanya majeruhi na lingine linamfanya mwanaume wa kwao.

Macho ya watu pia hubadilika. Alek Wek alizaliwa Wau, akakimbilia London mwaka 1991 akiwa msichana mdogo. Mwaka 1997 alikuwa kwenye jalada la jarida la Elle. Lupita Nyong'o alisimulia mwaka 2014 kwamba akiwa mtoto aliomba Mungu amwamshe akiwa mweupe zaidi, na kumwona Alek Wek akisifiwa kulimsaidia kujitazama upya. Ngozi ya Alek ilikuwa ile ile aliyotoka nayo Wau.

Basi sisi, kwa ujuaji wetu, tukamwambia dada afute "ugly", aandike "disfigured". Tukadhani tumemaliza. Akatujibu: "Nyinyi mnataka barua iwe safi. Mimi hilo neno nimeitwa shuleni, nimeitwa kwenye foleni ya maji. Mkilifuta, mnawafutia waliolisema."

Hapo tulinyamaza kweli. Alikuwa amesema kitu ambacho hatukukiona. Neno lilikuwa na haki ya kukaa kwenye barua, ila lilikuwa limekaa mdomoni mwa mtu asiye wake. Tukaandika upya pamoja naye: "I have burn scars on my face. People have called me ugly." Neno "scars" alilichagua mwenyewe, kwa sababu lake ni jeraha kweli. Moto una sentensi yake, na watu wana sentensi yao.

Kwa hiyo tunawaomba, vijana wenzetu. Ukijieleza kwenye fomu au barua, andika kilichokupata. Kama kuna tusi, liandike pia, lakini andika na aliyelisema. Na kwenye picha tunazoweka hapa, ukitaka kumwita mtu "ugly" au "sura mbaya", kumbuka unatuandikia jinsi jicho lako linavyoona, na sisi tutasoma hivyo.

Barua imeshatumwa. Jibu bado tunasubiri.