Bima ya afya si kamari, mzee wangu

Wadau, juzi hapa Sumbawanga mzee mmoja muuza khanga kaniambia, "Mwanangu, bima ni kamari na riba, siitaki." Wiki hiyohiyo alikuwa anauza cherehani apate hela ya kumtibu mkewe!

Mwaka 1985 Baraza la Fiqhi la Kiislamu, mjini Jeddah, lilikataa bima ya kibiashara lakini likaruhusu ya kuchangiana na kusaidiana, yaani takafuli. Je, bima yetu ya Afya kwa Wote, iliyotungiwa sheria mwaka 2023, iko upande upi? Mimi naona ni kuchangiana, ila mimi si shehe. Wasomi wa fedha za Kiislamu wa Zanzibar na Dar wakae na watu wa afya walifanyie utafiti, na jibu lifike hadi misikiti ya Ufipa.

Nawasilisha.