Wana Usambara, miti ya kijitoni isikatwe tena

Kwenye kijito kimoja cha Usambara Mashariki, kinachoshuka kuingia Mto Sigi, niliukuta mwamba umekauka kabisa mahali ambapo miaka yote ulikuwa kijani. Miti iliyoutilia kivuli ilikuwa imelazwa chini. Magogo mengine yalikwisha kupasuliwa mbao, na unga wa msumeno ulikuwa bado mbichi. Katika nyufa za mwamba ule, mimea iliyokuwa ikichanua zambarau kila mvua zikikolea ilikuwa imejikunja. Majani yake manene yenye manyoya yalikuwa ya kahawia, na nilipoligusa moja likasagika vidoleni. Shina moja tu, lililojibanza chini ya ukingo wa jiwe, lilikuwa na ua: petali tano za zambarau, na katikati vifuko viwili vya manjano vya chavua.

Hiyo ndiyo dughulushi, kama wazee wa Kisambaa wanavyoiita. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, aliichukua huku kwetu akaipeleka kwao. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland wa Hannover akaiandika kwa jina la Saintpaulia. Tangu hapo imezalishwa kwa mamilioni Ulaya na Marekani, ikapambwa kwa rangi na maumbo yasiyohesabika, na leo imekaa madirishani kwa watu ambao hawatafika Muheza maisha yao yote. Basi mtu anaweza kusema: ikiisha huku, si ipo kule? Hapana, ndugu zangu. Iliyopo kule imetokana na aina chache tu zilizobebwa zamani. Huku milimani ndiko ziliko aina zenyewe, moja huishi bonde hili, nyingine mlima ule, na baadhi hazina makao mengine duniani. Zikikauka hapa, hakuna dirisha la Berlin litakaloturudishia.

Sababu tunazijua sote: mbao, mkaa, shamba jipya la iliki au migomba, na wachimba dhahabu wanaopindua mito. Sitapoteza maneno hapo.

Ninachotaka kila mtu akishike ni hiki. Mmea huu hauhitaji eka nyingi wala uzio. Unakaa juu ya jiwe, kwenye udongo usiojaa kiganja, na uhai wake wote umo katika unyevu wa kijito na kivuli cha miti iliyo juu yake. Jua kali likiupiga moja kwa moja, majani huungua. Upepo mkavu ukipita, mwamba hupoteza ile kuvumwani ya kijani inayoshika maji, na mbegu, ambazo ni ndogo kama vumbi, hazina pa kuotea. Mkata miti hata hakuugusa mmea wenyewe. Aliondoa miti kadhaa juu yake, ikatosha.

Mzee mmoja aliyekuwa akipalilia ng'ambo ya kijito nilimwamkia, nikamuuliza kulikoni. Akanijibu, "Walikuja na karatasi, mwanangu. Sisi tungesema nini?" Simlaumu mzee yule. Nawalaumu waliomfikisha mahali pa kuamini kwamba karatasi yoyote yenye mhuri inamfunga mdomo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60! Miti ile ilisimama hatua chache tu kutoka majini. Aliyetoa karatasi alijua. Aliyepanda kilimani na msumeno alijua. Na aliyezinunua zile mbao mjini, akatengenezea kabati na kitanda bila kuuliza zimetoka wapi, naye asijitoe. Sisi wa Tanga, Muheza, Korogwe na Dar es Salaam ndio tunaomlipa mwenye msumeno. Asingepata mnunuzi asingepanda mlima.

Kuna wengine wanaosema hili ni suala la maua, nalo ni la wenye nafasi. Enyi wakazi wa jiji la Tanga, maji mnayoyakinga kwenye ndoo asubuhi yanatoka bwawa la Mabayani, na Mabayani hujazwa na Sigi, na Sigi hukusanywa tone kwa tone na vijito kama kile nilichokiona. Kivuli kinachoilinda dughulushi ndicho kinachozuia chemchemi zisikauke na tope lisiteremke bwawani. Mwamba ukikauka juu, bomba halitachelewa kukauka chini. Sasa niambieni ni nani asiyehusika.

Hifadhi ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, nasi tunajivunia. Lakini mimea hii haisomi mipaka. Sehemu yake ipo nje ya hifadhi, kwenye ardhi ya vijiji, kwenye vijito vinavyopita katikati ya mashamba yetu wenyewe, na huko mlinzi hayupo ila sisi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imekipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake na kuusimamia. Uwezo huo tumeuacha kwenye makabati ya ofisi kwa muda mrefu mno.

Basi tuanze. Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Itakeni ajenda ya vijito iwekwe, na msikubali iwe ile ya mwisho inayojadiliwa watu wakiwa wamekwisha kuondoka. Siku hiyohiyo au kesho yake, vijana wachukue kamba ya mita 60, waishike kutoka ukingoni, na kila mti ulio ndani ya kamba upakwe rangi nyeupe kifuani. Mti wenye rangi ukikatwa, kijiji kizima kitajua, na hakuna atakayedai hakuujua mpaka. Palipokwisha kukatwa, pandeni msambu. Mbegu zake zina mafuta na zina soko, kwa hiyo mwenye shamba hapotezi kitu. Kamati za maliasili zipewe nguvu. Viongozi wa wilaya watimize wajibu wao.

Ninyi mnaong'oa dughulushi mkaitia kwenye kopo kuwauzia wageni barabarani, acheni. Jani moja lenye kikonyo chake, likichomekwa kwenye udongo mwepesi wenye unyevu na kuwekwa kivulini, huota mizizi na kuzaa mche mpya. Vikundi vya akina mama vinaweza kuikuza kwenye vitalu, kwa kibali, na kuuza miche bila kuuvua mwamba nguo zake. Nanyi wanunuzi, mkiuona mmea wenye mizizi iliyogandamana na vipande vya jiwe, jueni umeibwa; uacheni hapo. Kwenye mbao vivyo hivyo: ulizeni kibali cha kusafirishia mazao ya misitu kabla ya kutoa pesa. Fundi akinuna, nendeni kwa mwingine.

Nawageukia na ndugu zetu wa Kenya. Aina ya dughulushi iliyoko msitu wa Mbololo kule Taita haina pengine popote. Ile ya miamba ya chokaa ya Kilifi imebaki sehemu chache, na mawe hayohayo yanachimbwa kwa ujenzi. Wazee wa kaya za huko waliilinda misitu yao mitakatifu kwa miiko vizazi na vizazi, hata mwaka 2008 baadhi yake ikaingizwa katika Urithi wa Dunia. Wasiachwe peke yao mbele ya wachimba mawe.

Nawasihi, wazazi wangu, kaka na dada zangu. Sikuja na msaada wa fedha wala gari la mradi. Masika yanakuja, na kabla ya masika huja misumeno na mapanga ya kusafishia mashamba. Safari hii mkiusikia mlio upande wa kijito, msingoje mwenyekiti arudi kutoka wilayani. Nendeni wengi, mkasimame kati ya msumeno na mti, muombe karatasi muisome kwa sauti, kisha muwaonyeshe kamba ya mita 60.