Tembo wa Mikumi wana picha kumshinda Mbaraka

Najua nimepotea, mtanisamehe. Kulikuwa na UE, na kila mtu alikuwa anapigania roho yake asije akadisko. Leo sina umbea wa kampasi. Leo nina hasira, na nimekaa nayo muda mrefu mpaka mwenzangu wa chumbani kaniambia, "Si uandike tu bwana, umetuchosha." Haya, naandika.

Juzi nilikwenda nyumbani, Ruhembe. Kwa msiopajua: ukitoka Moro unakatiza hifadhi ya Mikumi, ukifika Mikumi mjini unaiacha barabara ya Iringa, unakunja kushoto njia ya Kidatu na Ifakara. Ukianza kuona miwa kulia na kushoto, jua umekaribia kwetu. Sasa mle hifadhini basi likapunguza mwendo, kuna tembo kama saba hivi wako jirani na barabara. Abiria wote tukahamia madirisha ya upande mmoja. Pembeni gari la watalii limesimama, paa limefunguliwa, jamaa mmoja ana lenzi ndefu kama mkono wangu, anafyatua tu, tra-tra-tra-tra. Hakuna aliyemgusa.

Nikawaza: huyu tembo kwa asubuhi moja kapigwa picha nyingi kuliko alizopigwa Mbaraka Mwinshehe jukwaani maisha yake yote. Mnacheka? Mimi sikucheka.

Hebu tuangalie. Mbaraka kazaliwa 1944, mtu wa Morogoro hapa hapa. Kapiga gitaa na Morogoro Jazz, na mwaka 1970 bendi ikafika mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. Watu walimwita Soloist National, na jina hilo hupewi kwa kubembeleza. Januari 1979 akafa kwa ajali ya gari kule Kenya, ana miaka 34. Sasa nitajieni picha zake akiwa kazini, jasho linamtoka, vidole viko kwenye nyuzi, watu wamejaa mbele yake. Mimi nimetafuta. Ninazozijua nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na humo zimo za kusimama wima kama picha ya pasipoti.

Haya, chukua mtu mwingine, kazaliwa miaka miwili tu baada yake, Septemba 1946, kule Unguja. Farrokh Bulsara. Dunia inamjua kama Freddie Mercury. Julai 13, 1985, kwenye tamasha la Live Aid pale Wembley, yeye na Queen walipanda jukwaani kwa dakika kama ishirini. Dakika ishirini! Lakini leo hata sisi ambao rock tunaisikia kwa mbali tunazijua zile picha: singlendi nyeupe, kifimbo cha maiki mkononi, ngumi juu, na bahari ya watu mbele. Mwaka 2019 ikafunguliwa makumbusho yake pale Shangani, mtaa kwa mtaa kama vile hajawahi kuondoka, na ukiingia mle unakutana na picha ukutani.

Msinielewe vibaya, sigombanishi marehemu. Ninachosema ni kwamba tofauti ya hawa wawili kwenye kumbukumbu si kipaji peke yake. Tofauti ni nani alikuwa amesimama chini ya jukwaa na kamera, na je, aliachwa apige au alifukuzwa.

Kwenye rock wenzetu wana taratibu. Wapiga picha wa magazeti mara nyingi wanapewa nyimbo tatu za mwanzo, bila flashi, kisha wanatoka mbele. Ni sheria kali, lakini ni sheria, unaijua kabla hujatoka nyumbani. Wengine wakaenda mbali zaidi. Grateful Dead wa Marekani, mwaka 1984, waliwatengea kabisa eneo mashabiki wanaotaka kurekodi shoo zao. Shabiki anakuja na mashine yake, anasimika maiki zake, hakuna anayemsukuma. Leo shoo zao chungu nzima zinasikika kwa sababu watu wa kawaida walizitunza.

Kwetu utaratibu ni mmoja tu: baunsa.

Sasa nawapa kisa changu, ndo chanzo cha hasira yenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya jambo la kijinga ambalo sijutii: nilichukua sehemu ya bumu nikanunua kamera Kariakoo, Canon iliyokwishatumika, na lenzi moja ya 50mm, ile ya f/1.8 ambayo ndo ya bei chee kuliko zote. Nikala maharage mpaka harufu yake nikawa naiota. Lakini lenzi ile ina jicho, gizani inaona. Nikajifundisha mwenyewe: flashi usiguse kwa sababu inakuchorea vumbi tu na kumpofusha mpiga ngoma, ISO panda 3200, kisha subiri. Taa nyekundu zikiwaka usipige, uso unaungua wote. Subiri taa nyeupe ipite, au mwimbaji ageuke. Picha ya jukwaani ni uvuvi, wanangu. Unakaa, unakaa, halafu mara moja.

Agosti 2023 nikiwa likizo, ikaja shoo kubwa nyumbani. Agosti kwetu ni msimu wa miwa, hela ipo mtaani, kwa hiyo mapromota wanajua njia. Uwanja wa mpira, jenereta, spika zimepangwa mpaka unahisi kifua kinatikisika. Rock hakuna, tuseme ukweli, lakini kama rock maana yake ni gitaa linalolia mpaka nywele zinasimama, ile siku ilikuwepo. Halafu kuna kitu ambacho Wembley hawana. Jioni ile shamba moja la miwa lilikuwa limechomwa tayari kwa kukatwa, na yale majivu meusi yakawa yanadondoka taratibu ndani ya mwanga wa taa. Wasanii wanaimba, majivu yanashuka. Nilipiga mpaka kidole kikafa ganzi.

Katikati ya shoo, kabla ya staa mkubwa kupanda, mzee mmoja wa kijijini kwetu akaitwa jukwaani. Simtaji jina, familia yake ipo. Mzee alikuwa akipiga gitaa kwenye bendi za jazi enzi za ujana wake, baadaye akakata miwa maisha yake yote kama wazee wengine. Sisi tulimjua kama mzee wa baiskeli. Akapewa gitaa na vijana wa bendi. Akalipapasa, akakaza waya mmoja, akafunga macho.

Jamani.

Watu waliokuwa karibu nami walinyamaza. Kina mama waliokuwa wanauza karanga wakasogea. Halafu angalieni jambo hili: simu zilishuka. Zile simu zilizokuwa juu tangu mwanzo zilirudi mfukoni, maana staa hakuwa jukwaani. Wapiga picha rasmi wawili, wenye vitambulisho shingoni, walikwenda kupiga mabango ya wadhamini. Mimi nikapiga picha kumi na moja. Moja nilijua hapo hapo kwamba ndiyo yenyewe: mzee kafumba macho, mkono wa kushoto uko juu kabisa shingoni mwa gitaa, na jivu moja limeganda kwenye mvi zake.

Ndo nikashikwa kola. Baunsa. "Nani kakuruhusu kupiga picha hapa?" Nikamwambia mimi ni wa hapa hapa, ni mwanafunzi, sifanyi biashara. Akasema picha zote za jukwaani ni mali ya promota. Akafungua kamera mwenyewe, akachomoa kadi, akaikunja kwa vidole viwili. Ikalia kak. Wale wataalamu wa kompyuta mtakaoniambia kuna programu za kurudisha picha zilizofutwa, nazijua, lakini hakuna programu ya kuunga kadi iliyovunjika vipande viwili. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alinirudishia vipande vyangu kwa adabu, kama mtu anayekurudishia chenji.

Novemba 2024 mzee akafariki. Niliwahi mazishi. Mbele kulikuwa na picha yake, na picha yenyewe ilikuwa ya kitambulisho cha mpiga kura, imekuzwa mpaka imekuwa ukungu, macho yamemtoka kama mtu anayehojiwa polisi. Miaka yote ya kupiga gitaa, na ile ndo picha. Mjane wake aliniona, akaniita pembeni, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, wewe si ulikuwa na kamera siku ile?"

Nilisema, "Shikamoo mama," kwa mara ya pili, kwa sababu sikuwa na jibu lingine.

Kesho yake nikamtafuta mmoja wa wale wapiga picha rasmi. Nikamuuliza kama ana hata moja ya yule mzee. Akaniuliza, "Mzee gani?"

Sasa wadau, hoja zangu ni hizi.

Kwanza, ile kauli kwamba picha za shoo ni mali ya promota ni porojo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaitambua picha kama kazi ya aliyeipiga, kama inavyotambua wimbo wa mtunzi. Promota ana haki ya kuweka masharti mlangoni, hilo sibishi. Basi ayaweke! Aandike kwenye tiketi, aandike langoni, tuyasome tukiwa tumetulia, tuamue kuingia au kurudi nyumbani. Sharti linaloandikwa na vidole vya baunsa saa nne za usiku si sharti, ni ubabe. Na hata kama ningekuwa nimevunja sharti, unaniambia nitoke. Huvunji mali yangu.

Pili, msiniambie kwamba siku hizi kila mtu ana simu kwa hiyo kumbukumbu zipo. Nimewaambia simu zilifanya nini mzee alipopanda. Simu elfu moja zinarekodi kiitikio kile kile cha staa yule yule, kutoka mbali, kichwa chake kama punje ya mchele inayowaka. Mwezi ujao simu inaibwa au memori inajaa, inafutwa. Zile si kumbukumbu, ni kelele. Shabiki mwenye kamera anafanya kitu tofauti: anachagua, anasubiri, anatunza, anaandika nani, wapi, lini.

Tatu, najua kuna wajinga kwenye kundi letu. Wapo wanaopiga wacheza shoo kutokea chini kwa nia mbaya, kisha wanasambaza. Wapo wa kufyatua flashi machoni mwa msanii wimbo mzima. Hao watoeni, tena mimi nitawasaidia kuwashika. Lakini kosa la mwizi mmoja wa miwa halifanyi wakulima wote wa Ruhembe kuwa wezi.

Nne, na hii ni ya kwetu wenyewe. Tumezoea kulalamika kwamba historia yetu imeandikwa na wageni. Sawa. Lakini mgeni hakumvunjia mtu kadi pale uwanjani kwetu. Tulifanya sisi. Kule hifadhini mtalii anapiga tembo bila kuguswa, maana tembo tunajua ni utajiri. Siku tutakayojua kwamba mzee wa gitaa naye ni utajiri, baunsa atamsogezea mtu wa kamera kreti asimame.

Ninachotaka ni kidogo mno. Waandaaji, tengeni kipande cha mita tatu pembeni ya jukwaa kwa mashabiki wenye kamera. Waandikisheni majina langoni, wapeni nyimbo tatu kama wenzetu, bila flashi, kisha wapishe. Waombeni nakala za picha kama mnataka, watawapa kwa furaha, tena bure. Mnapoteza nini?

Na nyinyi wanafunzi wenzangu, mkienda likizo fungueni masanduku ya bibi na mama. Kama kuna picha ya dansi, iwe ya Kilosa, Kidodi au Ifakara, muulizeni aliyepo hai hawa ni akina nani, ukumbi gani, mwaka gani. Andikeni nyuma kwa penseli, msitumie peni ya wino, inapenya upande wa pili. Fanyeni sasa, kabla na nyinyi hamjaulizwa swali nililoulizwa mimi.

Msimu ujao narudi tena uwanjani. Nikitolewa nitatoka, nikivunjiwa nitalalamika kwa maandishi. Na safari hii nabeba kadi mbili. Nikipiga kumi nabadilisha, ya kwanza inaingia kwenye soksi.

Nawasilisha.