Kipimajoto cha paji la uso hakitoshi kuikinga Mombasa

Mnamo Julai 31, 2024, serikali ilipotangaza kisa cha kwanza cha mpox nchini, kilichogunduliwa mpakani Taveta, swali lililoachwa na Covid-19 lilirejea: je, kumpima mtu joto mlangoni ni kinga au ni kutuliza nyoyo tu?

Mwaka 2020, bawabu mwenye kipimajoto mfano wa bastola alikuwa sura ya kawaida kwenye maduka na afisi za Mombasa. Kifaa hicho hakitoi mwale wa kumdhuru mtu, jinsi baadhi ya watu walivyohofia. Hupokea tu miale ya infraredi, ambayo kila mwili wenye joto huitoa, kisha hukadiria kiwango chake.

Tatizo ni kwamba husoma joto la ngozi, si la ndani ya mwili. Aliyetembea juani kutoka Kongowea hadi Frere Town aweza kuonekana mgonjwa. Aliyejaa jasho, au aliyetoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, aweza kuonekana mzima ilhali ana homa. Ndiyo maana wataalamu hushauri mtu apumzike kivulini au ndani ya nyumba kwa dakika 10 hadi 30 kabla ya kupimwa. Ni foleni gani ya Mombasa iliyowahi kumpa mtu nafasi hiyo?

Isitoshe, virusi vya corona huweza kukaa mwilini hadi siku 14 kabla ya dalili, na vya mpox hadi siku 21. Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu, lakini maradhi haya huingia mjini mbingu zikiwa nyeupe.

Frere Town, iliyoasisiwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, inalifahamu somo hili. Kengele iliyolipatia eneo la Kengeleni jina lake husimuliwa kuwa ililia kuwaonya wakazi dhidi ya wateka watumwa. Lakini kengele haikuona adui. Aliyeona ni mlinzi.

Vivyo hivyo, kipimajoto kisitupwe, bali kisiachiwe kazi peke yake. Msafiri aulizwe alikotoka, ngozi yake itazamwe, na anayeshukiwa apimwe maabara bila kucheleweshwa. Fedha za umma zikiishia kwenye vifaa vya mlangoni huku zahanati za mitaani zikikosa vipimo, tutakuwa tumenunua kengele tukamsahau mlinzi.