Mcheza Kwao na Atunzwe

Umeme uzalishwao kwa gesi asilia huko Kinyerezi, pembezoni mwa Dar es Salaam, huingia katika gridi ya taifa. Na sehemu ya umeme wa gridi hiyo huvuka bahari kwa waya kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, Unguja. Hivyo televisheni ya nyumba ya Ng'ambo na ile ya nyumba ya Temeke huwaka kwa nguvu moja. Hapana budi tujiulize pamoja: wale waliotuchekesha na kutufunza, ambao sasa wamelala makaburini, tumewatendea nini?

Katika jambo la televisheni, Visiwani ndiko kulikotangulia. Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara ilingoja hadi 1994. Katika muda wote huo burudani ya macho ya mwananchi wa Bara ilikuwa pia karatasini. Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru, kisha likaja Sani pamoja na akina Ndumilakuwili na Lodilofa. Marehemu Philip Ndunguru, mchoraji hodari wa Sani, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Lakini wengi waliomfuata walijifunza kwa kuuiga mkono wake.

Televisheni ilipoenea Bara, michezo ya kundi la Kaole ilimkuza Steven Kanumba. Alipofariki tarehe 7 Aprili, 2012, akiwa na umri wa miaka 28, umati mkubwa ulimsindikiza hadi makaburi ya Kinondoni. Naye Amri Athumani wa Tanga, maarufu King Majuto, alitutoka tarehe 8 Agosti, 2018. Ilibidi mzee huyo augue kwanza ndipo suala la mikataba ya wasanii lifike wizarani na kamati ya kuipitia iundwe.

Wapo watakaosema kwamba vichekesho si jambo la kushughulisha Serikali. Hao wanasahau kwamba mlevi, mla rushwa na kabaila wamesutwa na kibonzo mahali ambapo hotuba haikufika.

Mambo mawili yanatakiwa. La kwanza ni haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 huilinda kazi ya mtunzi katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, michoro ya Ndunguru inalindwa hadi mwaka 2036. Lakini sheria bila mkataba ulio wazi ni maji katika pakacha. Ni wajibu wa COSOTA kwa upande wa Bara, na COSOZA kwa upande wa Zanzibar, kuwatafuta warithi na kuwaeleza haki zao, badala ya kungoja wao wabishe hodi.

La pili ni hifadhi. Karatasi huliwa na mchwa, na kanda huharibiwa na joto na chumvi ya pwani yetu. Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Maktaba ya Taifa jijini Dar es Salaam na vituo vya televisheni vikae pamoja, vikusanye kilichosalia na kukiorodhesha, kabla mashahidi wa mwisho hawajatutoka.

Machozi ya mazishini hayatoshi. Mcheza kwao hutunzwa. Na akifa kabla ya kutunzwa, deni halizikwi naye.