Sayansi Isiyosemwa ni Mali Iliyofukiwa

Taifa huru hupima elimu yake kwa manufaa ya wananchi, wala si kwa wingi wa vyeti. Hilo ndilo lililokuwa fundisho la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Kwa kipimo hicho, vyuo vyetu vya sayansi vina deni: vinamfunza kijana kuchunguza, lakini havimfunzi ipasavyo kusema na watu wake.

Tuutazame Mkoa wa Simiyu, nchi ya pamba. Mkulima wa Bariadi huagizwa ang'oe miti ya pamba na kuichoma baada ya mavuno. Agizo ni jema, kwani wadudu na magonjwa hujificha humo na kungojea msimu ujao. Lakini agizo lisilo na sababu ni amri ya kikoloni. Asiyeelezwa maisha ya mdudu ataona anateketezewa kuni zake bure.

Kijana msomi hushindwa kumweleza kwa kuwa maarifa yake, tangu sekondari hadi chuo kikuu, ameyapokea kwa Kiingereza. Si kwamba lugha yetu ni maskini: tangu mwaka 1990 ipo Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, kazi ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Kinachokosekana ni mazoezi.

Wapo wadaio kuwa kueleza ni kazi ya bwana shamba, na kwamba sayansi ikirahisishwa huharibika. Hiyo ni kasumba tupu. Huyo bwana shamba naye alisomea wapi kama si katika vyuo hivyo hivyo? Tena, asiyeweza kulieleza jambo kwa lugha ya nyumbani kwake, je, amelielewa au amelikariri?

Historia ya mahali hapo hapo yawasuta. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 Bariadi ikiwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, ulistawi kwa kushika ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho ya kiangazi. Wataalamu walijifunza neno la wenyeji, na miti ikarudi. Sayansi yao haikupungua hata chembe.

Basi, kuieleza sayansi kwa umma liwe somo la lazima, na mtihani wake ufanyike mbele ya wakulima, wenye haki ya kuuliza hadi waridhike. Atakayeshindwa na arudie. Pamba ya Simiyu hulimwa na watu wenye akili. Wanachodai ni kuambiwa sababu.