Doa ni nani? Taja jina

Wasee wa Nax, leo niko na neno moja tu: madoadoa. Naliona kwa komenti na emoji za kucheka, eti ni jokes. Mimi nakataa.

Kwa kamusi halina noma. Chui ana madoadoa. Shati ikimwagikiwa chai inapata doa. Lakini huku Bonde la Ufa, tangu vita vya kikabila vya miaka ya 1990 pande za Molo na Olenguruone, doa ni mtu: jirani ambaye kabila lake eti si la hapa. Na doa hufanywa nini? Hutolewa. Hakuna mtu hukaribisha doa chai.

Baada ya uchaguzi wa 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa Kenya. Uwanja wa maonyesho hapa Nakuru ulijaa familia zilizofurushwa kwao. Wengine wenu hamkuwa mmezaliwa, ndio maana mnacheka.

Ujanja wa hili neno ni kwamba halitaji kabila. Anayelisema anaweza kuruka, aseme alimaanisha kitu kingine, na wakati huo msikilizaji ashajua ni mlango wa nani. Januari 2022 seneta mmoja alilisema mkutanoni Eldoret, akakamatwa, halafu akaomba msamaha.

Aprili mwaka huo NCIC ikaliweka kwa orodha ya maneno ya chuki. Poa. Lakini orodha hiyo hiyo ikabeba "hatupangwingwi", neno lililotoka kwa ngoma ya kudensi! Ukiweka neno la densi pamoja na neno la kufukuza watu, vijana watacheka yote mawili. Na tulicheka.

Kwa hivyo tusingoje tume. Kama una malalamiko ya shamba, yaseme wazi: ekari ngapi, nani aligawa, hati iko wapi. Hiyo ni hoja, na wengi huku wana hoja kama hizo. Doa si hoja.

Mtu akilitaja mbele yako, usicheke. Muulize: doa ni nani? Mama wa duka Kaptembwo? Makanga wa mat ya Njoro? Deski yako ya darasani? Taja jina.

Akishindwa, amejijibu. Akitaja, sote tumemsikia.